Leseni Nyuma ya Kofia

Stush Hrabak ni mtu wa wivu. Sisemi hivyo kumsengenya. Ukimwambia mwenyewe atakubali, kisha atakuuliza nani mwingine amesema. Jina lake la kanisani ni Stanley, lakini bonde zima linamwita Stush tangu akiwa na meno ya utoto. Maisha yake ya kazi aliyamaliza chini ya mabasi ya shule, chali, akifungua na kufunga nati, mpaka mgongo ukagoma. Mke hakupata. Alimpenda mmoja, lakini kila alipomkuta anaongea na muuza nyama alirudi nyumbani bila kuaga, na hatimaye mwanamke akaolewa na muuza nyama.

Mimi nina duka pale njia panda, nauza misumari, mafuta ya taa, minyoo ya chambo, na leseni za kuvulia. Duka nililinunua kwa mtu aliyeshindwa kuliendesha kwa sababu alikuwa na huruma. Nimejifunza kusoma wateja, na Stush ndiye niliyemsoma haraka kuliko wote. Kulikuwa na injini ya boti imekaa mlangoni pangu misimu miwili ya baridi, inanikera. Stush akaja, akaipiga teke, akataja bei ya kunitukana. Nikamwambia, "Basi iache, jirani yako wa kule juu aliiulizia jana." Akatoa pochi palepale. Wala sikumdanganya, jirani aliiulizia kweli. Aliuliza nitaiondoa lini, inamziba njia. Injini iko garajini kwa Stush hadi leo. Boti hana.

Kitu kimoja tu Stush alikuwa nacho ambacho hakuna aliyewahi kukitaka, nacho ni nafasi yake kwa Merle Oberholt.

Merle alikuwa mpeleka barua. Mtu mrefu, mpole, wa kusikiliza kila mtu hadi mwisho, kwa hiyo alikuwa akimaliza njia yake ya barua giza likiingia. Yeye na Stush walianza kuvua pamoja wakiwa vijana, chini ya daraja la reli kwenye kijito chetu cha Mahonock, kwenye ile nguzo ya mawe ambapo maji yanazunguka na samaki aina ya trauti hujificha. Merle alipooa, Stush hakusema naye mpaka majani yalipopukutika. Harusi ilipangwa Jumamosi ya ufunguzi wa msimu wa kuvua, na Stush aliliona hilo kuwa ni kusudi la bibi harusi. Baadaye yakaisha. Mke wa Merle alijifunza kumpikia Stush pirogi, maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa kabichi, na kila majira ya kuchipua wale wawili walirudi kwenye nguzo yao.

Sasa, kwetu leseni haikai mfukoni. Serikali ilishaacha kuwalazimisha watu waionyeshe, lakini bondeni hapa hakuna aliyejali tangazo hilo. Leseni mpya unaitia kwenye plastiki, inabanwa kwa pini nyuma ya kofia, na wewe mwenyewe huibani. Anayekubania ni yule utakayesimama naye siku ya ufunguzi. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wanasimama mbele ya kaunta yangu wameinamisha vichwa kama watoto wanaosukwa. Ukijibania mwenyewe, wanasema, samaki watakusikia unakuja.

Merle na Stush walikuja kuhuisha leseni zao siku moja, kila mwaka, theluji ikiwa bado imerundikana kwenye kona ya maegesho. Merle alikuwa na mchezo wake. Kabla hajaibana ya Stush aliisoma kwa sauti, kama padri:

"Jina, Stanley. Sura, tumuombee. Sahihi ya wino, ipo. Stempu ya trauti, ipo. Inama, mwanangu."

Hiyo stempu si stempu siku hizi. Ni mstari tu unaochapwa chini ya leseni, unaokuruhusu kuvua trauti. Bila huo unaweza kuvua samaki wengine wote, ila trauti marufuku, na siku ya ufunguzi hakuna anayefuata mwingine ila trauti. Jina la stempu limebaki kwa sababu sisi wazee tumebaki.

Mwaka huu Merle alikuja na mtu mwingine.

Huyo mtu ni Royce Tannehill, daktari wa meno mstaafu kutoka Philadelphia. Alinunua nyumba ya mawe juu ya kijito, mkewe akafariki kabla hawajamaliza kupanga sahani. Kofia yake ilikuwa mpya hata bado ina mkunjo wa boksi. Niliwachapia leseni zao, na Merle akamfundisha daktari mambo ya pini. Daktari alifurahi kama amepewa uraia.

"Kwa hiyo mimi ninakubania wewe?" akauliza.

"Wewe mimi, mimi wewe," akasema Merle. "Usinichome tu."

"Nimechoma watu ufizi miaka mingi, Merle. Hakuna aliyekufa."

Wakacheka. Daktari alikuwa ameshika kofia ya Merle mkono mmoja na pini mkono mwingine wakati mlango ulipolia kengele, akaingia Stush. Alikuwa amenyoa ndevu. Kofia yake ameishika mkononi, tayari. Baadaye nilisikia kwamba alikaa nyumbani kwake asubuhi nzima akimsubiri Merle, amewasha injini ya gari ipate joto kwa ajili ya wawili.

Akatazama kofia ya Merle mikononi mwa yule mtu.

"Ah, Stush!" Merle akasema. "Nilikuwa nipite kwako. Huyu Royce hana mtu wa kusimama naye, nikaona…"

"Nimeona ulichoona."

"Tutasimama watatu, ndugu yangu. Pale nguzoni panatosha."

"Kofia ina mgongo mmoja, Merle," akasema Stush. Kisha akanigeukia mimi, akagonga kaunta. "Irma. Leseni yangu."

Nikaingiza jina lake kwenye mashine. Nyuma yake daktari, maskini, akidhani mambo ni mzaha, akasema, "Bwana Hrabak, nawe ukitaka nitakubania, mkono wangu ni mwepesi." Merle akamkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Shingo ya Stush ikawa nyekundu kuanzia kola kwenda juu.

"Na stempu ya trauti, Stush?" nikauliza. "Niichape pamoja?"

"Nipe karatasi yangu."

"Nakuuliza stempu…"

"Irma, nipe karatasi yangu niondoke humu!"

Nikampa. Akalipa, akachomoa pini kwenye kikopo cha kaunta, akatoka. Kupitia dirishani tulimwona amekaa garini, amevua kofia, anajibania leseni mwenyewe. Mashine yangu ilikuwa bado inauliza kama niongezee stempu. Nikabonyeza hapana. Siuzi kitu kwa mgongo wa mtu anayeondoka.

Kwa wiki zilizofuata alikuja dukani mara nyingi kuliko kawaida yake, na hakuja kwa misumari.

"Yule wa meno," alianza siku moja, akijifanya anatazama kamba za kufungia mbao. "Amenunua nini hapa?"

"Vitu vya kuvulia."

"Fimbo gani?"

"Ile ya nyuzi za kaboni, ya pili kutoka juu."

"Kuna ya juu zaidi?"

"Ipo. Zililetwa mbili tu."

Akaishika, akaipunga hewani, akavuta midomo. Nilimwambia bei akatabasamu kwa uchungu, akajaribu kunishusha, nikamwambia daktari huwa anapita siku za Alhamisi. Akanunua. Nilipokuwa naifunga nikaona vema nimalize biashara ya zamani pia, maana mimi sipendi mauzo ya nusu.

"Stush, kuhusu ile leseni yako…"

"Usinitajie leseni!"

"Haina…"

"Umeniuzia injini bila boti, Irma. Usinifundishe ninachohitaji."

Nikafunga mdomo, nikafunga na fimbo. Mtu akishakuzuia mara mbili usimuuzie, ya tatu unamsubiri aje mwenyewe.

Mengine niliyasikia kwa wateja. Alikuwa akipita na gari mbele ya nyumba ya mawe polepole. Alimwambia kinyozi kwamba watu wa mjini wananunua mto kama wanavyonunua meno ya bandia. Mke wa Merle alimtumia pirogi, akazirudisha na ujumbe kwamba daktari huenda hajala. Siku lori la samaki lilipokuja kumwaga trauti kijitoni, na wote tukapanga mstari kupokezana ndoo, Stush alijipenyeza akasimama kati ya Merle na daktari, kila ndoo ikawa lazima ipite mikononi mwake. Alipokea kwa mmoja akampa mwingine, maji yakimwagikia viatu vyake, mpaka lori likawa tupu.

Jumamosi ya ufunguzi ikafika. Mimi siku hiyo sikai dukani. Naegesha pikapu yangu karibu na daraja la reli, nauza kahawa na minyoo kwa bei ambayo dukani ningeona haya kuitaja. Wazima moto walikuwa wameshatengeneza chapati za maji na soseji kwenye ukumbi wao, harufu inashuka mpaka mtoni. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za kijito, bega kwa bega, fimbo zimeegemezwa kwenye vijiti vya panda walivyovichomeka kushika nafasi. Hakuna anayerusha ndoano mpaka king'ora cha zimamoto kilie saa mbili.

Stush alikuwa nguzoni tangu kulipopambazuka. Alisimama katikati kabisa ya ile sehemu yao, vijiti vitatu vimechomekwa, kimoja kwa fimbo na viwili kwa uchoyo. Merle akaja na daktari, daktari amevaa ile suruali ya mpira inayofika kifuani.

"Habari za asubuhi, Stush," akasema Merle. "Tupishe kidogo."

"Pamejaa."

"Pamejaa nani? Uko peke yako."

"Nimetanua miguu."

Watu wa jirani wakacheka. Merle alimtazama kitambo, akakuna sikio. "Haya, mzee. Tanua." Akamchukua daktari wakavuka daraja, wakasimama ng'ambo kwenye changarawe, mahali ambapo mtu mwenye akili hasimami kwa sababu maji hayafiki magoti.

King'ora kikalia. Ndoano zikaruka pande zote. Haikuchukua muda Stush akawa wa kwanza kunasa, trauti mnene mwenye ubavu wa waridi, na akamwinua juu sana, juu kuliko haja, akiwa amegeukia ng'ambo. Merle akampigia makofi. Daktari naye akapiga. Ya daktari ndiyo Stush aliyoyaona, akashusha samaki haraka kama ameibiwa nusu.

Baada ya hapo Merle akavuka daraja kuja kwangu kununua kahawa, vikombe viwili. Akirudi, njia ikampitisha nyuma ya Stush. Nilikuwa nawatazama kwa sababu nilijua kuna kitu cha kutazama. Merle akapunguza mwendo. Mazoea ya miaka yote yale, na kichwa cha Stush kile pale mbele yake. Akainama kidogo akaisoma leseni kama alivyozoea, midomo inacheza bila sauti. Jina. Sahihi. Midomo ikasimama.

Akatazama mto upande wa juu. Kule kwenye kona bwana samaki, yule mkaguzi wa leseni wa serikali, alikuwa anashuka taratibu. Bwana samaki wetu ni mwanamke, na hakuna anayemfanyia utani. Yeye ndiye pekee anayeupenda mtindo wetu wa kofia, maana anapita nyuma ya watu akisoma visogo bila kumsumbua yeyote.

Merle akaweka vikombe chini.

"Stush. Toa mshipi majini."

"Nenda kwa daktari wako."

"Toa mshipi, nakwambia. Sasa hivi."

"Aa, mmekosa kule, sasa mnataka huku! Nilijua." Stush hakugeuka hata. "Changarawe si mmeichagua wenyewe?"

"Stush, kwa jina la mama yako…"

"Mama yangu alikujua. Alisema utaniacha siku moja."

Bwana samaki alikuwa sasa watu watano kutoka pale. Merle, yule mpole ambaye sijawahi kumwona akimpokonya mtu hata zamu kanisani, akanyoosha mkono akaishika fimbo. Stush akaivuta. Merle akaivuta. Wazee wawili, matope yanaruka, kahawa imemwagika.

"Fimbo yangu!"

"Leo ni yangu," Merle akasema akiwa ameuma meno. "Nyamaza, mjinga wewe, leo ni yangu."

"Asubuhi njema, wazee," ikasema sauti ya bwana samaki. "Kuna nini? Fimbo ya nani hii?"

"Yangu," akasema Merle.

"Mwongo!" Stush akapaza sauti mpaka ng'ambo wakaacha kuvuta. "Yangu! Nimeinunua kwa Irma, muulize yule pale! Na yule samaki nimemvua mimi, si yeye! Kila mtu ameona! Yeye hajavua kitu!"

Merle akaiachia fimbo, akafumba macho.

"Samaki umemvua wewe?" akauliza bwana samaki.

"Mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

"Naomba ugeuke, mzee."

Akageuka, kifua mbele, kama anayevishwa nishani. Bwana samaki akasoma. Akasoma tena. "Stempu ya trauti iko wapi?"

"Ipo hapo chini, ilipo siku zote."

"Hapa chini hakuna kitu."

Stush akavua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza anaiangalia karatasi ile tangu alipoibana garini. Aliitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi kwenye pikapu, na mimi nikainua mabega, kwa sababu nilikuwa nimesema mara mbili. Halafu akamtazama Merle, viatu vyake vilivyojaa matope, vikombe viwili vilivyolala ubavu. Nikaona inamwingia taratibu ile fimbo ilikuwa inavutwa kwa nini: mikononi mwa Merle, mwenye stempu, isingekuwa na kosa.

Bwana samaki alikuwa muungwana. Aliandika faini bila mahubiri, akamchukua trauti, akaendelea na visogo vingine. Watu wakarudi kwenye mishipi yao, wakijifanya hawakusikia, jambo ambalo ni adhabu mbaya kuliko kucheka.

"Ungeniambia tu," Stush akasema hatimaye.

"Nikuambie vipi? Ungesikia?"

"Ungesema stempu."

"Ningepaza neno stempu na yeye yuko pale? Ningekuuza." Merle akaokota vikombe. "Twende kwa Irma. Irma, funga biashara yako, mashine iko dukani."

Sikutaka kufunga, kahawa ilikuwa bado inatoka. Lakini nilikuwa na mauzo ya nusu tangu theluji, na mauzo ya nusu yananinyima usingizi.

Dukani nilichapa leseni upya, safari hii na mstari wake chini. Stush alisimama kwenye kaunta ameinamisha kichwa kabla hajaambiwa. Merle akaichukua karatasi, akasafisha koo.

"Jina, Stanley. Sura, haijabadilika, tuzidi kumuombea. Sahihi, weka hapa. Haya, ipo. Stempu ya trauti." Akaugusa mstari kwa kidole. "Ipo."

Akaibana. Halafu Stush akainuka, akanyoosha mkono, akamvua Merle kofia.

"Unafanya nini?"

"Hii imebanwa na mtu wa meno. Angalia. Imepinda."

"Haijapinda, Stush."

"Imepinda. Utatembea nayo hivi mwaka mzima?" Akachomoa pini ya daktari, akaiweka kwenye kaunta mbali na yeye, kama kitu cha hospitali. Akachukua pini mpya kwenye kikopo.

"Yule bwana hana mtu," Merle akasema kwa sauti ya chini. "Mkewe amekufa, anakula supu ya kopo amesimama. Nilitaka aingie mahali. Ningekwambia wewe umbanie, ungembania?"

"Ningembania masikio."

"Unaona?"

"Atasimama na sisi," Stush akasema, akiwa ameuma pini mdomoni. "Pembeni. Upande wangu, si wako." Akaibana leseni ya Merle polepole, akaisawazisha kwa kidole gumba, akarudi nyuma akaiangalia, akaisawazisha tena.

Hapo kengele ya mlango ikalia. Daktari alikuwa ameona kuna matatizo akatufuata, na alikuwa amebeba vikombe vitatu vya kahawa kutoka ukumbi wa wazima moto, vimemchoma vidole. Akasimama. Macho yake yakaenda kwenye kofia ya Merle mikononi mwa Stush, kisha kwenye kaunta, kwenye ile pini yake ya zamani iliyolala peke yake.

"Oh," akasema. "Kumbe inaweza kubadilishwa."

Merle alijishughulisha na kahawa. Stush akamvalisha Merle kofia, akaivuta ikae sawa, akapokea kikombe chake akasema asante, asante ya kwanza kumpa mtu yule. Wakatoka wawili mbele, wakibishana minyoo ipi inafaa maji baridi, Stush akitembea bega kwa bega na Merle.

Daktari alibaki. Mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe hadi kisogoni, unapapasa kuona kama leseni yake bado ipo. Alikuwa anawatazama kupitia kioo cha mlango, na ule uso niliujua. Nilikuwa nimeuona mlangoni hapohapo wakati theluji ikiwa bado kwenye kona, ndevu zimenyolewa, kofia mkononi.

"Irma," akasema, bila kuwaondolea macho. "Ile fimbo ya Stush. Naona inarusha mbali kuliko yangu. Unayo nyingine?"

Nikafuta kaunta, nikairudisha pini yake kwenye kikopo.

"Imebaki moja," nikamwambia. "Lakini kuna mtu aliiulizia jana."